Lami ya Mpondwe Ipimwe Uchovu Kabla ya Kumwagwa

Pale Katwe, magharibi mwa Uganda, kando ya ziwa la chumvi, kuna kiwanda kilichokufa. Mradi wake ulianza miaka ya 1970 kwa mitambo ya Kijerumani, ukilenga kusafisha chumvi ambayo wenyeji wameichimba kwa mikono vizazi na vizazi. Maji ya ziwa hilo yaliyala mabomba, na uzalishaji ukasimama muda mfupi baada ya kuanza. Huenda vyuma vile vingedumu miaka mingi kwingineko. Kwa maji ya Katwe havikufaa.

Hapo si mbali na Kikorongo, inakoanzia barabara ya lami ya kwenda Bwera hadi mpakani Mpondwe. Haifiki kilomita 40, lakini inabeba biashara ya nchi mbili, Uganda na Kongo. Saruji ya Hima, mafuta na mabati huvuka kwenda Kasindi, Beni na Butembo. Mbao, kahawa na kakao hurudi. Juni 2021 Marais Museveni na Tshisekedi walikutana Mpondwe kuzindua ujenzi wa barabara upande wa Kongo, ikiwemo ile ya Kasindi hadi Beni yenye kilomita 80. Barabara ikinyooka huko, malori yataongezeka huku. Ndiyo maana nauliza, nikikumbuka vyuma vya Katwe: lami inayowekwa huku imepimwa kwa jua la wapi na kwa magurudumu ya wapi?

Barabara ya lami haivunjwi na lori moja. Kila ekseli inapopita, tabaka la lami hupinda kidogo sana, sehemu yake ya chini ikavutika, kisha likarudi. Likifanyiwa hivyo mara laki kadhaa, nyufa ndogo zisizoonekana huzaliwa ndani ya utando wa lami unaoshika kokoto. Zikiungana, uso wa barabara hugawanyika vipande vipande mithili ya ngozi ya mamba, maji ya mvua yakazama chini na mashimo yakafuata. Wahandisi huuita uharibifu huo uchovu, na ni jina sahihi, kwa sababu nguvu iliyoua ni ndogo kuliko ile ambayo lami ingeihimili mara moja.

Uzito nao una hesabu yake kali. Majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, yalionyesha kuwa uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Mwenye lori akiipakia tani 12 huona amezidisha kidogo tu. Barabara inaumia karibu mara mbili.

Sasa tuingie maabara. Pipa la lami lililoandikwa 60/70 limepewa nambari hiyo kwa kipimo cha sindano: sindano iliyobebeshwa uzito wa jumla wa gramu 100 huachiwa kwa sekunde 5 katika lami yenye joto la nyuzi 25, nayo ikazama milimita 6 hadi 7. Ni kipimo kizuri, rahisi, na kila maabara ya barabara inacho. Lakini kinapima ugumu wa lami mpya tu. Hakijui lolote kuhusu lami ya miaka minane iliyokwisha kukanyagwa na malori milioni moja.

Pengo hilo lilifanyiwa kazi katika mpango wa utafiti wa Marekani uliojulikana kama SHRP, kati ya 1987 na 1993. Wazo lake kuu ni kuizeesha lami kwanza, ndipo ipimwe. Lami huwekwa katika chupa zinazozunguka ndani ya oveni ya nyuzi 163 kwa dakika 85, ikipulizwa hewa ya moto. Huo ni uzee unaopatikana kiwandani na wakati wa kumwagwa. Kisha hutandazwa kwenye sahani pana na kufungiwa katika chombo cha shinikizo, kwa kawaida katika nyuzi 100, hewa ikikandamizwa takriban mara 20 ya hewa ya kawaida, kwa saa 20. Inayotoka humo ni nyeusi ile ile kwa macho, lakini imekakamaa kama iliyokaa barabarani miaka kadhaa.

Hapo ndipo inapokutana na reometa, mashine inayopima jinsi lami inavyokinza mtikiso. Tone la lami huwekwa kati ya mabamba mawili ya duara yenye kipenyo cha milimita 8, madogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Fundi hushusha bamba la juu, akapunguza kingo kwa kisu kilichopashwa moto, kisha akashusha tena kidogo hadi unene ufike milimita 2 na ukingo utokeze sawasawa pande zote. Kazi hii inataka mkono uliotulia, maana ukingo uliokatwa vibaya huharibu jibu zima. Halijoto ikishatulia, bamba moja huanza kucheza kushoto na kulia huku mashine ikisoma jinsi lami inavyokataa na inavyokubali.

Kanuni ya SHRP iliweka kikomo cha kilopaskali 5,000 kwa ugumu unaohusishwa na uchovu. Kasoro yake ni kwamba kipimo hicho huitikisa lami kidogo mno, haifiki hata kuchoka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison wakaendeleza kipimo kikali zaidi: mtikiso wa mara 10 kwa sekunde, ukianzia asilimia 0.1 ya mnyumbuliko na kupanda hadi asilimia 30, kwa muda wa dakika tano hivi. Lami inachanika ikitazamwa. Kutokana na mchoro wake, wataalamu hukadiria itastahimili mizunguko mingapi. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo ambacho barabara za mipakani zinakihitaji zaidi.

Kwetu uzee wa lami ni jambo zito kuliko Ulaya. Utafiti wa maabara ya barabara ya Uingereza uliofanywa Kenya na nchi nyingine za joto katika miaka ya 1980 ulionyesha kuwa milimita chache za juu hukakamaa upesi kwa jua na hewa, hata nyufa zikaanzia juu kushuka chini. Wilaya ya Kasese, inamopita barabara hii, ipo kwenye Ikweta, katika sakafu ya Bonde la Ufa, chini ya Rwenzori. Jua lake halina msimu wa kupumzika. Tena lami ina uwezo wa kuziba nyufa zake ndogo ikipata nafasi kati ya gari na gari, lakini malori yanayofuatana polepole kuelekea forodhani hayaipi nafasi hiyo.

Kwa hiyo joto la kupimia lisinakiliwe kutoka nchi yenye theluji. Vipimajoto vifukiwe ndani ya lami ya Kikorongo na Bwera, visomwe mwaka mzima, na namba hizo ndizo zipelekwe maabara. Na atakayesaini mkataba ujao wa barabara ya Mpondwe adai, pamoja na cheti cha sindano, ripoti ya uchovu wa lami iliyozeeshwa, kabla tanki la kwanza halijafunguliwa.