Mmisionari Ugenini: Kujifunza Kabla ya Kufundisha

Mmisionari anayetumwa nchi ya mbali hufika akiwa na mafunzo ya miaka mingi. Amesoma Biblia na teolojia, na pengine udaktari, uuguzi, ualimu au kilimo. Hata hivyo, katika wiki zake za kwanza anakuwa kama mtoto: hajui kusalimu wazee, hajui bei ya nyanya sokoni, wala haelewi kwa nini mwenyeji wake amenyamaza ghafla. Kipindi hiki cha kuzoea ndicho huamua kama utumishi wake utadumu, na kama watu aliotumwa kwao watamwona ndugu au mpita njia. Afrika Mashariki ina mengi ya kueleza juu ya jambo hili. Imewapokea wamisionari kizazi baada ya kizazi, na leo nayo inatuma wa kwake.

Afya kwanza

Katika karne ya 19, mtihani wa kwanza wa mmisionari ulikuwa kubaki hai. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumikia shirika la Kianglikana la Church Missionary Society, alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Julai ya mwaka huohuo Rosine alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akafariki siku chache baadaye. Peter Cameron Scott, aliyeongoza kundi la kwanza la Africa Inland Mission, alifika Mombasa mwaka 1895 na kufariki Ukambani Desemba 1896. Huko Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868, makaburi ya wamisionari bado yanaonyesha jinsi wengi wao walivyokufa wangali vijana.

Adui mkubwa alikuwa malaria. Mtu aliyekulia penye ugonjwa huo, akaugua mara kwa mara utotoni na kupona, hujenga kinga ya kiasi fulani mwilini. Mtu mzima anayetoka Ulaya au Amerika huja bila kinga hiyo, na homa humshika kwa nguvu zote. Tena wamisionari wa mwanzo hawakujua chanzo chake. Wengi waliamini kwamba homa huletwa na hewa mbaya ya mabwawa, mpaka mwaka 1897 Ronald Ross alipoviona vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Siku hizi mgeni huchanjwa kabla ya kusafiri, hutumia dawa za kinga, hulala ndani ya chandarua na hufundishwa kuchemsha maji ya kunywa. Kinachobaki ni uchovu, ambao wengi hawautarajii. Joto, chakula kigeni, usingizi wa mang'amung'amu na kazi ya kusikiliza lugha mpya kutwa nzima humaliza nguvu upesi. Mashirika yenye uzoefu humshauri mgeni apumzike zaidi kuliko alivyozoea, na hayampi majukumu mazito katika miezi ya mwanzo.

Lugha ndiyo mlango

Baada ya afya huja lugha. Kardinali Charles Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliweka agizo kali: mapadre wake wajifunze lugha ya watu walio kati yao, na ndani ya miezi sita tangu kufika waitumie hata wanapozungumza wao kwa wao. Aliona kwamba mmisionari anayerudi kwenye lugha ya mama yake kila jioni hataijua kamwe lugha ya wenyeji.

Krapf hakungoja hata muda huo. Katika mwaka uleule alioondokewa na familia yake, alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hivyo mwalimu wa mmisionari huyo Mkristo alikuwa msomi wa Kiislamu, na bila elimu ya kadhi huyo kazi isingesonga mbele. Mwaka 1850 Krapf alichapisha sarufi ya Kiswahili, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye kuwa askofu, alikaa na wasimulizi wa hadithi na kuandika waliyomsimulia. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha hadithi hizo pamoja na kitabu cha kufundishia Kiswahili.

Njia hiyo ya kukaa chini na kusikiliza imeendelea. Shule za lugha kama ile ya Makoko, Musoma, iliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki wa Maryknoll, na ile ya Kipalapala, Tabora, zimewapitisha wamisionari wa mataifa mengi. Ugumu wao mara nyingi ni ngeli. Mgeni lazima aseme mtoto mzuri, kitabu kizuri na nyumba nzuri, na upatanisho huo uje wenyewe bila kufikiri. Kwa wengi, Kiswahili ni hatua ya kwanza tu. Anayepelekwa kijiji cha Wasukuma au boma la Wamaasai atahitaji lugha ya hapo pia ili azungumze na bibi kizee asiyejua Kiswahili.

Darasa peke yake halitoshi. Thomas na Elizabeth Brewster, Wamarekani walioandika kitabu maarufu cha kujifunzia lugha mwaka 1976, walisisitiza kwamba mgeni atoke nje kila siku na kukitumia kile kidogo alichojifunza kwa watu wengi awezavyo. Walishauri pia aishi na familia ya wenyeji tangu siku za mwanzo, kabla hajazoea kujificha katika nyumba ya wageni wenzake. Anayekula ugali na familia, kuchota maji na watoto na kwenda nao msibani hujifunza maneno pamoja na mahali pa kuyatumia.

Mshtuko wa utamaduni

Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg alieleza hali inayowapata wengi wanaoishi ugenini katika hotuba aliyoitoa Rio de Janeiro mwaka 1954. Mwaka 1960 maelezo yake yalichapishwa katika jarida la Practical Anthropology, lililosomwa sana na wamisionari. Kwa mujibu wake, mtu hupita hatua nne. Kwanza kila kitu humpendeza. Kisha huja kipindi kigumu: anachukizwa na mambo madogo, analaumu wenyeji, anatamani nyumbani na kujitenga na watu wa kwao. Hatua ya tatu anaanza kuelewa na hata kucheka nao. Ya nne, anaziona desturi za nchi kuwa njia nyingine ya kuishi iliyo sawa na yake.

Chanzo cha mshtuko huo, alieleza Oberg, ni kupotea kwa ishara ndogondogo ambazo mtu huzitegemea bila kujua. Katika Afrika Mashariki ishara hizo ni nyingi. Kijana hamwiti mzee kwa jina tupu. Humwamkia kwa shikamoo na kungoja marahaba. Kitu hutolewa na kupokewa kwa mkono wa kulia. Mgeni hupiga hodi na kungoja akaribishwe. Saa za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza, na mgeni asiyejua hilo hufika mkutanoni saa sita nzima kabla au baada ya wenzake. Kuingia moja kwa moja kwenye shida iliyokuleta, kabla ya kuulizana habari za nyumbani, ni utovu wa adabu, hata kama mgeni anaona anaokoa muda.

Magumu zaidi ni yale yanayogusa mali na kukataa. Mwenyeji mwenye heshima hakatai waziwazi. Husema "tutaona" au "Mungu akipenda", na mgeni huichukua kama ahadi. Naye mgeni, ambaye machoni pa kijiji ni tajiri, huombwa ada ya shule, nauli na dawa karibu kila siku. Asipofundishwa jinsi jamii inavyosaidiana, hutoa ovyo mpaka achoke, au hufunga mkono na kuonekana mchoyo. Dawa ya hayo ni kuwa na mwenyeji anayeaminika, kama vile katekista, mzee wa kanisa au mama wa jumuiya, anayeweza kuulizwa bila aibu.

Wapo waliofika mbali katika hatua ya nne. Bruno Gutmann, mchungaji wa Kilutheri kutoka Ujerumani, alifika kwa Wachaga mwaka 1902 na kuishi miongoni mwao, akiondoka kwa vipindi, hadi mwaka 1938. Aliandika vitabu vingi juu ya mila zao, kikiwemo kitabu kikubwa cha sheria za Wachaga kilichotoka mwaka 1926. Alisisitiza kwamba vifungo vya ukoo, ujirani na rika visivunjwe, bali kanisa lijengwe juu yake.

Wenzake, familia na mamlaka

Si kila shida hutoka kwa wenyeji. Mafarakano kati ya wamisionari wenyewe ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za watu kuacha kazi mapema, pamoja na afya, elimu ya watoto na wazazi wanaozeeka nyumbani. Lavigerie aliliona hilo pia, akaagiza mapadre wake wasiishi chini ya watatu mahali pamoja, ili wasaidiane na kuonyana.

Watoto hubeba mzigo wao. Wengi hukua wakijua Kiswahili vizuri, lakini pasaporti zao ni za nchi wasizozijua. Shule kama Rift Valley Academy ya Kijabe, Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1906, ziliwapa elimu, ingawa kuishi bwenini kuliwatenga baadhi yao na wazazi wao na hata na wenyeji. Leo familia nyingi hupendelea watoto wabaki nyumbani au wasome pamoja na majirani.

Mmisionari wa leo lazima pia azoee kuongozwa. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu, katibu mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alitaka kutuma wamisionari na fedha kusimamishwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Wito huo uliwaudhi wengi, lakini ulibadilisha fikra. Sasa mgeni hufanya kazi chini ya askofu mwenyeji, katika parokia au usharika wenye mipango yake, na jambo la kwanza analotakiwa kuuliza ni wapi anahitajika.

Wanaotoka Afrika

Waafrika nao wamekuwa wamisionari kwa muda mrefu. Apolo Kivebulaya, Mganda, alikwenda Boga, katika Kongo ya leo, mwaka 1896. Alipigwa na kufungwa, akavumilia, akawafikia pia Wambuti wa msituni, na kubaki katika utumishi huo hadi kifo chake mwaka 1933. Mwaka 1968 huko Moroto, Uganda, lilianzishwa shirika la Mitume wa Yesu, ambalo wanashirika wake wengi ni wana wa Afrika Mashariki na wanahudumu hata Ulaya na Marekani.

Padre au mchungaji wa Kitanzania anayefika Ujerumani mwezi Desemba hukutana na baridi, na giza linaloingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Majirani hawatembeleani bila miadi, na kanisani anakuta wazee wachache pale alipozoea kwaya na watoto. Ukimya wa nyumba yake humwumiza kuliko baridi. Naye pia huhitaji lugha, mwenyeji wa kumwuliza, na subira.

Kurudi nyumbani

Safari haiishii ugenini. Anayerejea baada ya miaka mingi hukuta bei, mitaa na marafiki vimebadilika, na yeye mwenyewe amebadilika zaidi. Watafiti John na Jeanne Gullahorn walieleza mwaka 1963 kwamba mtu hupitia tena nyumbani mshtuko ule alioupata ugenini. Kwa sababu hiyo, makanisa mengi hutenga muda wa mapumziko na mazungumzo ya faragha kwa anayerudi kabla ya kumpa kazi mpya.

Katika hatua zote, sehemu kubwa ya mzigo huu hubebwa na wenyeji. Wanaomsahihisha mgeni kwa upole anapokosea ngeli, wanaomwita msibani na harusini, na wanaomwambia ukweli anapoteleza ndio wanaomfanya afae kwa kazi aliyotumwa. Usharika unaompokea mmisionari mpya unaweza kulipanga hilo mapema: kumteulia familia ya kuishi nayo, mwalimu wa lugha, na mtu mmoja wa kumwuliza mambo yote, kisha kumpa muda wa kujifunza kabla ya kumkabidhi mimbari.