Mendoza, Mlima Uliosafiri

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Upo hata hivyo mlima mmoja ambao kwa zaidi ya miaka mia saba umekuwa ukitembea: umevuka nchi kavu, umepanda majahazi, umefika Amerika, Ufilipino na mitaa ya London. Mlima huo ni jina la ukoo la Kihispania, Mendoza.

Ukifungua ramani ya Ajentina utaukuta mji wa Mendoza, jimbo la Mendoza na mto Mendoza. Ukiingia Maktaba ya Bodleian mjini Oxford, utaambiwa kuwa imehifadhi kitabu cha picha cha Waazteki kiitwacho Codex Mendoza. Historia ya ndondi ya Uingereza inamtaja Daniel Mendoza, bingwa wa miaka ya 1790. Na katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2009, tuzo ya mwongozaji bora ilikwenda kwa Mfilipino, Brillante Mendoza.

Swali la kwanza linalomjia msomaji ni: je, hawa wote ni ndugu? Ni swali la kawaida, maana kwetu jina la ukoo ni dalili ya damu. Kwa majina ya Kihispania, swali hilo mara nyingi hutupoteza njia. Lenye faida zaidi ni hili: jina hili lilifikaje hapa?

Baridi ya mlimani

Tuanze na maana. Ingawa Mendoza huhesabiwa kuwa jina la Kihispania, mzizi wake si wa Kihispania. Ni wa Kibaski, lugha ya watu wa kaskazini mwa Hispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambayo mpaka leo haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote iliyo hai. Kwa Kibaski *mendi* ni mlima, *hotz* ni baridi, na *a* ya mwishoni ni alama ya kitu kinachojulikana. Vikiungana hutoa "mlima baridi". Sauti ya h ikadondoka njiani, ikabaki Mendoza.

Mahali penyewe pangalipo. Ni kijiji katika jimbo la Álava, magharibi mwa mji wa Vitoria-Gasteiz, na ndani yake umesimama mnara wa mawe wa karne ya 13, ngome ya mabwana waliokuja kujulikana kwa jina la kijiji hicho.

Majina ya ukoo ya Kihispania yana mafungu makubwa manne. La kwanza ni la majina ya baba, yanayoishia kwa -ez: Fernández ni mwana wa Fernando, González ni mwana wa Gonzalo. Kiambishi hicho kinafanya kazi ileile inayofanywa na "bin" kwetu. La pili ni la kazi, kama Herrero, yaani mhunzi. La tatu ni la sifa za mtu, kama Delgado, yaani mwembamba. La nne ni la mahali: Toledo, Medina, Mendoza. Medina haihitaji mkalimani kwa msomaji wa Kiswahili. Ni neno la Kiarabu la mji, lililobaki Hispania tangu enzi za utawala wa Waislamu.

Majina ya mahali yana tabia yake ya pekee: humshika mtu pale anapopahama. Ndani ya kijiji cha Mendoza kila mtu alikuwa wa Mendoza, kwa hiyo kumwita mtu hivyo kusingemtofautisha na jirani yake. Jina lilipata kazi siku mwenyewe alipofika ugenini, watu wakauliza, "Huyu ni yupi?" wakajibiwa, "Huyu ni wa Mendoza." Ndivyo ilivyo kwa majina ya pwani yetu kama Shirazi: linataja Shiraz kwa mtu ambaye hayuko Shiraz. Kila jina la mahali, kwa hiyo, limebeba safari ndani yake.

Ukoo uliokua kivulini mwa wafalme

Katika karne ya 14 watu wa ukoo huu walishuka kusini na kumtumikia mfalme wa Castilla. Pedro González de Mendoza alifia katika vita vya Aljubarrota, tarehe 14 Agosti 1385, Wareno walipowashinda Wakastilla. Masimulizi ya kale yanasema alimpa mfalme Juan wa Kwanza farasi wake ili aokoke, yeye akabaki kufa. Iwe kweli au hekaya, simulizi hiyo inaonyesha jinsi ukoo ulivyotaka kukumbukwa.

Mjukuu wake, Íñigo López de Mendoza, aliyeishi kati ya 1398 na 1458, ndiye Marqués de Santillana, mmoja wa washairi wakubwa wa Kihispania wa zama zake. Aliandika soneti 42 kwa kufuata mtindo wa Kiitalia, miongo mingi kabla umbo hilo halijazoeleka Hispania. Mwanawe Pedro alikuwa kardinali mwenye nguvu kiasi kwamba watu walimwita mfalme wa tatu wa Hispania, baada ya Isabel na Fernando. Mjini Guadalajara ukoo ulijenga kasri la Infantado, ambalo lingali kivutio mpaka sasa.

Sasa tazama nyumba moja ya ukoo huohuo, ya Íñigo López de Mendoza mwingine, mtawala wa pili wa Tendilla, aliyekabidhiwa ngome ya Alhambra baada ya Granada kutekwa mwaka 1492. Miongoni mwa watoto wake walikuwamo Luis Hurtado de Mendoza, Antonio de Mendoza, na Diego Hurtado de Mendoza aliyekuwa mshairi na balozi. Alikuwamo pia binti, María Pacheco. Baba mmoja, mama mmoja, majina mbalimbali. María alichukua jina la upande wa mama yake. Na ni yeye aliyeuongoza mji wa Toledo katika uasi dhidi ya mfalme Carlos baada ya mumewe, Juan de Padilla, kukatwa kichwa mwaka 1521. Aliushikilia mji mpaka Februari 1522, kisha akakimbilia Ureno, akafia uhamishoni mwaka 1531.

Mtafiti anayetafuta "akina Mendoza" kwa kufuata herufi peke yake angempita María bila kumwona. Wakati ule hapakuwa na sheria ya nani aitweje. Watoto waligawana majina ya pande zote mbili kulingana na heshima au urithi uliofungamana na jina. Utaratibu wa sasa ulikomaa baadaye, na ukatiwa nguvu na usajili wa kiserikali ulioanza miaka ya 1870: kila Mhispania ana majina mawili ya ukoo, desturi ikianza na la baba na kufuatiwa na la mama. Siku hizi wazazi wanaruhusiwa kuchagua lipi litangulie. Mwanamke akiolewa habadili jina lake.

Hapa ndipo wengi tunapokosea, hata kwenye magazeti. Mwandishi wa Kolombia Gabriel García Márquez hakuwa "Bwana Márquez". García lilikuwa la baba, Márquez la mama. Ukilifupisha, ni García Márquez. Ukikutana na Mhispania mwenye majina matatu, usidhani la mwisho ndilo la ukoo kwa mazoea ya Kiingereza. Mara nyingi la mwisho ni la mama.

Ng'ambo ya bahari

Antonio, kaka yake María, ndiye aliyelipeleka jina Meksiko akiwa makamu wa kwanza wa mfalme, kuanzia 1535 hadi 1550. Katika utawala wake mashine ya kwanza ya uchapaji barani Amerika ilianza kazi mjini Meksiko mwaka 1539. Inaaminika kuwa ni yeye aliyeagiza kuandaliwa kwa kile kitabu cha picha, Codex Mendoza, mnamo 1541. Kilichorwa na mafundi wenyeji, kikaonyesha watawala wa Tenochtitlan (mji mkuu wa Waazteki), kodi iliyolipwa na miji yao, na malezi ya watoto wao, kisha maelezo ya Kihispania yakaongezwa. Kikaangukia mikononi mwa Wafaransa, kikafika Uingereza, na tangu 1659 kimo Oxford. Kitabu kimebeba jina la mtawala, ilhali maarifa yote yaliyomo ni ya Wameksiko ambao majina yao hayapo juu ya jalada.

Mwaka 1536 Pedro de Mendoza, wa tawi jingine, alianzisha makazi ya Buenos Aires kwenye ukingo wa Río de la Plata. Njaa na mapigano na wenyeji viliyalemea, naye akafia baharini mwaka 1537 akirudi Hispania. Makazi yaliachwa mwaka 1541, na mji ukaanzishwa upya mwaka 1580 na Juan de Garay.

Wa tatu ni García Hurtado de Mendoza, gavana wa Chile kuanzia 1557 hadi 1561. Alimtuma Pedro del Castillo kuvuka milima ya Andes kuelekea mashariki, na tarehe 2 Machi 1561 Castillo akaanzisha mji aliouita kwa jina la gavana wake. Mwaka uliofuata utawala wa Chile ulikuwa umebadilika. Gavana mpya alimpeleka Juan Jufré, ambaye aliusogeza mji hatua chache na kuupa jina jipya la Resurrección, yaani Ufufuko. Watu hawakulikubali. Wakaendelea kusema Mendoza. Amri ya mkubwa huweza kuandika jina kwenye karatasi, lakini linaishi pale tu wakazi wanapolitumia.

García alikuja kuwa makamu wa mfalme nchini Peru. Mwaka 1595 nahodha Álvaro de Mendaña, aliyesafiri kwa idhini yake, alifika kwenye visiwa vya Pasifiki akaviita Visiwa vya Marquesas vya Don García Hurtado de Mendoza, aliyekuwa na cheo cha Marqués wa Cañete. Jina lilikuwa refu mno, likakatika. Mendoza likadondoka, cheo kikabaki. Visiwa vya Marquesas, leo sehemu ya Polinesia ya Ufaransa, vinamkumbuka mtu ambaye hata jina lake halitajwi tena humo.

Wasiokuwa wa damu

Mpaka hapa tumefuata damu. Lakini wengi wa akina Mendoza wa leo hawakutokana na mabwana wa Guadalajara. Wenyeji wa Amerika walipobatizwa, mara nyingi walipewa majina ya wasimamizi wao wa ubatizo, ya mapadri au ya watawala. Waafrika waliouzwa utumwani waliandikwa kwa majina ya waliowamiliki. Kwao jina lilikuja na nguvu ya mwingine.

Nchini Ufilipino, gavana Narciso Clavería alitoa amri tarehe 21 Novemba 1849 kwamba familia ziwe na majina ya ukoo ya kudumu, ili iwe rahisi kuhesabu watu na kukusanya kodi. Kitabu chenye maelfu ya majina kilitengenezwa, kurasa zikasambazwa majimboni. Matokeo yake yanaonekana mpaka leo: katika mji wa Oas, jimbo la Albay, familia nyingi mno zina majina yanayoanza na R. Wafilipino wawili wenye jina moja la Kihispania, basi, huenda wanachoshiriki ni ukurasa wa karani, wala si babu.

Wayahudi nao wana historia yao. Mwaka 1492, Granada ilipoanguka na msalaba wa Kardinali Mendoza kupandishwa juu ya Alhambra, Wayahudi wa Hispania walipewa amri ya kubatizwa au kuondoka. Wengi waliobatizwa walichukua majina ya Kikristo, na vizazi vyao vilivyorudia dini ya mababu huko Amsterdam au London havikuyaacha. Daniel Mendoza, aliyezaliwa London mwaka 1764, alikuwa mtoto wa jumuiya hiyo. Alikuwa na kimo cha kadiri, akipambana na watu wazito kuliko yeye, akawafundisha Waingereza kwamba bondia anaweza kukwepa na kuzunguka badala ya kusimama tu akipigwa. Mwaka 1789 alichapisha kitabu cha sanaa hiyo.

Chini ya mlima mwingine

Nirudi Ajentina, kwa sababu huko ndiko safari ya jina hili inakonigusa zaidi. Katika jimbo la Mendoza umesimama Aconcagua, wenye mita 6,961, zaidi ya mita elfu moja juu ya Kilimanjaro. Hakuna mlima mrefu kuliko huo nje ya Asia. Jina lenye maana ya mlima baridi lilitoka kwenye kijiji cha Wabaski, likapita kwa askari, mshairi, kardinali na gavana, likaja kutulia chini ya theluji ya Andes. Hakuna aliyepanga hivyo. Castillo alitaka kumpendeza bwana wake tu.

Mji wenyewe upo kwenye ukame. Unaishi kwa mifereji inayoleta maji ya theluji iliyoyeyuka, ikipita kando ya barabara na kuinywesha mizabibu na miti. Wenyeji huiita *acequia*, neno ambalo Wahispania walilipata kwa Waarabu. Lakini walioanza kuchimba mifereji katika bonde hilo, kabla ya Mhispania yeyote kufika, ni Wahuarpe, wakazi wake wa asili. Tarehe 20 Machi 1861, siku chache baada ya mji kutimiza miaka 300, tetemeko la ardhi liliubomoa na kuua maelfu ya watu. Ulijengwa upya kwa barabara pana na viwanja vya wazi vya kukimbilia, na mifereji ikaendelea kutiririka.

Mtu akisema Mendoza, basi, anataja kijiji cha Wabaski na gavana wa Chile bila kujua. Wahuarpe, ambao maji yao ndiyo yanayouweka mji hai, hawamo katika jina hilo hata kwa herufi moja. Ndiyo maana kila ninapochambua jina la mahali huuliza maswali mawili, wala moja halinitoshi: nani alilileta, na aliwakuta nani hapo.