Kufundisha Fanksheni za JavaScript kwa Wanaoanza: Kuonyesha Jibu na Kurudisha Jibu

Utangulizi

Lugha ya kompyuta iitwayo JavaScript ilitungwa mwaka 1995 na Brendan Eich, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Netscape nchini Marekani. Kanuni zake rasmi zilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Leo vivinjari vya intaneti vinavyotumiwa na watu wengi huielewa lugha hii, na kwa hiyo mwalimu mwenye kompyuta moja tu anaweza kuifundisha bila kununua programu nyingine. Katika kompyuta nyingi, akifungua kivinjari na kubonyeza kitufe cha F12, atapata kidirisha ambamo anaweza kuandika maagizo na kuona matokeo papo hapo.

Anayeanza kujifunza lugha hii aghalabu hapati taabu kubwa katika kujumlisha namba au kuandika maneno kwenye skrini. Taabu huanza anapofika kwenye fanksheni. Sababu yake ni kwamba mara nyingi hupewa umbo la kukariri kabla ya kupewa maana. Madhumuni ya makala haya ni kumweleza mwanachuo maana ya fanksheni, kumwonyesha mahali ambapo wanafunzi hupotea, na kumpa njia ya kufundisha somo hili hata pale ambapo kompyuta hazitoshi.

Maana ya fanksheni

Fanksheni ni maagizo yaliyokusanywa pamoja na kupewa jina, ili yatekelezwe kila mara jina hilo linapoitwa. Tuchukue kazi ambayo kila mwalimu anaifahamu, yaani kutafuta wastani wa alama za masomo matatu. Mwalimu mwenye wanafunzi 45 hahitaji kuandika hesabu hiyo mara 45. Huiandika mara moja tu:

function wastani(a, b, c) {
  return (a + b + c) / 3;
}

Neno la kwanza, function, huiambia kompyuta kwamba fanksheni inaanza kuelezwa. Wastani ni jina tulilolichagua sisi wenyewe. Herufi zilizo ndani ya mabano ni majina ya kupokelea: hazina thamani yoyote mpaka fanksheni itakapoitwa. Maagizo yenyewe yamo baina ya mabano ya mawimbi, na neno return huagiza kwamba jibu lirudishwe kwa aliyeliomba.

Hapana budi mwanafunzi atambue mapema kwamba kueleza fanksheni siyo kuiita. Mistari mitatu iliyo juu haifanyi hesabu yoyote. Hesabu hufanyika pale tunapoandika:

wastani(60, 70, 80)

Hapo a hupokea 60, b hupokea 70, c hupokea 80, na jibu linalorudishwa ni 70. Mwanafunzi akiandika wastani peke yake bila mabano, kompyuta haitafanya hesabu. Itamwonyesha fanksheni yenyewe. Ni sawa na kumtaja mtu kwa jina bila kumtuma kazi.

Yafaa pia kueleza kwamba thamani hupokelewa kwa mpangilio. Katika wastani mpangilio haubadilishi jibu, na kwa hiyo mfano huo hautoshi kulifundisha jambo hili. Mwalimu atumie fanksheni ya kutoa, ambayo hurudisha a - b: kutoa(10, 4) hurudisha 6, bali kutoa(4, 10) hurudisha -6.

Kiini cha somo: kuonyesha siyo kurudisha

Hapa ndipo wengi hupotea. Anayeanza amezoea agizo la console.log, ambalo kazi yake ni kuonyesha kitu kwenye kidirisha. Akiona namba imetokea, hudhani kwamba fanksheni imetoa jibu. Tazama programu hii:

function wastani(a, b, c) {
  console.log((a + b + c) / 3);
}
let alama = wastani(60, 70, 80);
if (alama >= 50) {
  console.log("Amefaulu");
} else {
  console.log("Hakufaulu");
}

Programu hii ikitekelezwa, kompyuta huonyesha 70, kisha huandika "Hakufaulu". Mtoto aliyepata wastani wa 70 ametangazwa kuwa ameshindwa, na kompyuta haikutoa onyo lolote la kosa.

Imekuwaje? Fanksheni ilipiga hesabu sawasawa na kuionyesha, lakini haikurudisha kitu. Kwa hiyo jina alama halikupewa 70. Lilipewa undefined, neno ambalo JavaScript hulitumia kumaanisha kwamba hakuna thamani iliyotolewa. Kompyuta ilipoulizwa kama undefined ni kubwa kuliko 50 au sawa nayo, ilijibu kuwa sivyo, ikafuata njia ya pili. Tukiliondoa agizo la console.log ndani ya fanksheni na kuweka return mahali pake, alama itakuwa 70 na jibu litakuwa "Amefaulu".

Mfano wa nyumbani utalifafanua jambo hili. Mama amemtuma mtoto dukani akaulize bei ya sukari. Mtoto akafika, akaulizia bei, akaitamka kwa sauti mbele ya watu wote waliokuwa dukani, kisha akarudi nyumbani kimya. Dukani kila mtu ameisikia bei. Mama aliyemtuma hana anachoweza kukifanyia hesabu. Agizo la console.log ni kutamka dukani. Neno return ni kumletea jibu aliyekutuma.

Mitego mingine mitatu

(a) Mabano ya hesabu. Mwanafunzi akiandika a + b + c / 3, kompyuta itagawanya c peke yake kwanza. Kwa alama zilezile atapata 156 na ushei badala ya 70. Kosa hili ni la hisabati, na mwalimu alirudishe kwenye kanuni ya mpangilio wa matendo ambayo watoto wameshajifunza.

(b) Upungufu wa thamani. Tukiita wastani(60, 70), JavaScript haikatai. Jina c hubaki bila thamani, na jibu huwa NaN, maana yake ni kwamba matokeo siyo namba. Mwanafunzi akiliona neno hilo, kwanza ahesabu thamani alizozipeleka.

(c) Namba zilizo katika umbo la maandishi. Alama zikiandikwa na mtumiaji kwa njia ya agizo la prompt, kompyuta huzipokea kama maandishi. Alama ya + inapokuta maandishi huyaunganisha badala ya kuyajumlisha. Hivyo "60", "70" na "80" huwa "607080", na zikigawanywa kwa 3, wastani huwa 202360. Dawa yake ni kubadili kila alama kuwa namba kabla ya kuipeleka, kwa kuandika Number mbele ya mabano yanayoizunguka.

Njia ya kufundishia

Somo hili lianze bila kompyuta. Mwalimu atayarishe kadi, na achague wanafunzi wawili. Wa kwanza ni Msimamizi, wa pili ni Wastani. Wastani akae nyuma ya ubao. Msimamizi ampelekee kadi tatu zenye alama pamoja na kadi moja tupu ya jibu.

Katika mzunguko wa kwanza, Wastani apige hesabu, atamke jibu kwa sauti, kisha airudishe kadi ya jibu ikiwa tupu. Mwalimu amwambie Msimamizi: "Tumia kadi uliyorudishiwa tu. Je, mtoto huyu amefaulu?" Darasa zima litakuwa limelisikia jibu, lakini kadi haina kitu. Mwalimu asiharakishe kueleza; awaache wanafunzi wabishane kidogo. Katika mzunguko wa pili, Wastani aandike jibu kwenye kadi na kuirudisha pasipo kusema neno. Sasa Msimamizi anaweza kuamua.

Hatua ya pili ni ubaoni. Mwalimu achore jedwali lenye safu nne: a, b, c, na kilichorudishwa. Wanafunzi wajaze jedwali kwa kila mwito, nao waandike pembeni kile kitakachoonekana kwenye kidirisha. Kule kutenganisha kilichorudishwa na kilichoonekana ndiko kunakojenga ufahamu.

Hatua ya tatu ndiyo kompyuta. Kama ni moja tu, wanafunzi wagawanywe katika vikundi, na kila kikundi kiandike matokeo kinayoyatarajia kabla ya programu kutekelezwa. Mwanafunzi aliyekwisha kukisia ataliangalia jibu kwa makini. Asiyekisia hulipokea tu na kulinakili.

Kupima maendeleo

Mwalimu asiridhike na mwanafunzi anayeweza kuandika umbo la fanksheni kwa kukariri. Maswali kama haya yatamsaidia kupima ufahamu:

1. Ondoa neno return katika fanksheni ya wastani, ukiacha hesabu yake. Je, mwito wa wastani(60, 70, 80) utarudisha nini?
2. Andika fanksheni ya eneo la mstatili, kisha utumie jibu lake kutafuta jumla ya maeneo ya vyumba viwili.
3. Ukiandika agizo jingine chini ya return ndani ya fanksheni hiyohiyo, je, litatekelezwa? Eleza sababu.

Swali la pili ndilo kipimo bora, kwa kuwa haliwezi kukamilika ikiwa fanksheni inaonyesha jibu bila kulirudisha. Katika swali la tatu, jibu ni kwamba halitatekelezwa, kwani fanksheni humaliza kazi yake mara inapofika kwenye return.

Hitimisho

Toleo la mwaka 2015 la lugha hii liliongeza namna fupi ya kuandika fanksheni kwa kutumia alama ya mshale. Namna hiyo ni nzuri, lakini isubiri mpaka mwanafunzi awe ameimudu hii ya kwanza, kwa maana mara nyingi huliacha neno return lisionekane, nalo ndilo tunalotaka alione. Mwalimu amzoeze mwanafunzi kujiuliza kila anapomaliza kuandika fanksheni: aliyeiita atapata nini mkononi? Siku mwanafunzi huyo atakapotengeneza programu ya kutunza alama za shule, swali hilo ndilo litakalomkinga mtoto mwenye 70 asiandikiwe kwamba hakufaulu.