Waya wa Resi Ukwamapo Baada ya Kubadili Injini



Kwa wakulima wengi wa Makongolosi, pikipiki ya magurudumu matatu imekuwa ndiyo punda wao. Ndiyo ipelekayo mbolea shambani, na ndiyo irudishayo mahindi na tumbaku. Injini yake ikichoka, mwenyewe hununua nyingine, pengine yenye nguvu kuliko ya kwanza, akaifunga mahali pale pale. Jambo hilo si baya. Lakini liko kosa moja dogo lifuatalo kazi hiyo mara nyingi, nalo laweza kuua mtu, yaani waya wa resi kukwama.

Mkulima mmoja aliniita nyumbani kwake msimu wa mavuno. Injini mpya ilikuwa na siku mbili tu. Alipokata kona kushoto kuingia uani, injini ilinguruma kwa nguvu zote, naye hakuwa ameongeza resi hata kidogo. Chombo kilipanda juu ya magunia ya mahindi. Watoto waliokuwa wakipukuchua hapo walikuwa wameitwa kula muda mfupi kabla. Akaniambia, "Bwana Shamba, nimeuziwa injini mbovu." Tena alikwisha kununua kabureta nyingine. Nilipotazama, niliona injini haina kosa, wala kabureta. Waya ulikuwa umebanwa kati ya tangi na fremu.

Yafaa ujue sababu yake. Waya huu ni vitu viwili: uzi wa chuma uliosokotwa, na ganda linaloufunika. Ernest Bowden alipewa hataza ya waya wa namna hii huko Uingereza mwaka 1896, na kanuni yake haijabadilika. Uzi huvuta vema kwa kuwa ganda limesimama imara. Ganda likivutwa au kukunjwa, uzi nao huvutika, ijapokuwa mkono wako umetulia. Na kinachourudisha uzi ni springi peke yake, ambayo haiwezi kushindana na waya uliobanwa. Basi injini mpya ikiwa na kabureta iliyo juu zaidi au upande mwingine, waya wa zamani huwa mfupi, au hulazimishwa kupita njia isiyo yake.

Litafute kosa kwa utaratibu huu.

Kwanza, zima injini, uiache ipoe. Zungusha kishikio cha resi mpaka mwisho, kisha kiachie. Lazima kirudi chenyewe upesi. Fanya hivyo usukani ukiwa katikati, halafu kushoto kabisa, halafu kulia kabisa. Kikirudi vema katikati, kisirudi upande mmoja, kosa ni njia ya waya.

Pili, kikikwama pande zote, fungua kifuniko cha kabureta uchomoe uzi, kisha uchomoe na upande wa kishikio. Vuta uzi kwa mkono. Ukiwa mzito, waya ndio mbovu. Ukiteleza kwa wepesi, jaribu kishikio peke yake, kisha kile kipande cha mviringo kipandacho na kushuka ndani ya kabureta. Kipande hicho kina mfereji ambao lazima ukae sawasawa na pini iliyo ndani, nacho kisitiwe kwa nguvu. Tazama pia boliti zifungazo kabureta kwenye injini. Zikikazwa kupita kiasi, kabureta hupinda kidogo, na kipande hukwama.

Tatu, pitisha waya kwa mapindo mapana, mbali na bomba la moshi, wala usiufunge kwa kamba ukakazana. Ukiwa mfupi, nunua wenye urefu ufaao. Usiuvute ili ufike.

Nne, acha ulegevu. Kishikio kizunguke kidogo, milimita 2 hadi 6, kabla uzi haujaanza kuvuta. Ulegevu huo hupatikana kwa nati za kurekebishia zilizo kwenye kishikio au juu ya kabureta.

Usitie oili chafu iliyomwagwa kutoka injini, kwa maana ina chembe za chuma, nazo pamoja na vumbi letu hula uzi kama tupa. Na ukiona hata unyuzi mmoja umekatika, badili waya wote. Unyuzi huo huweza kukwama ndani ya ganda, resi ikiwa wazi.

Mwisho, weka chombo mahali pa wazi, gia ikiwa huru na magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Washa injini, uiache ingurume polepole, kisha geuza usukani kushoto na kulia. Mlio usibadilike hata kidogo. Ukipanda, rudi kwenye njia ya waya. Usipakie hata gunia moja kabla ya jaribio hili kufaulu.

Na ikiwa resi itakwama ukiwa njiani, kamata klachi, kanyaga breki, kisha zima moto. Ukitumia ufunguo, uzungushe mpaka kuzima tu, usiupeleke mpaka kufunga usukani.

Kumbuka, msomaji, kwamba barabara ya Chunya mpaka Makongolosi sasa ina lami, na mwendo wa vyombo umeongezeka. Kosa ambalo zamani lingekutupa mchangani, leo laweza kukupeleka chini ya lori. Yule mkulima alitumia fedha kwa kabureta asiyoihitaji, na kazi ya kuuondoa waya chini ya tangi ilituchukua muda mfupi tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kabla ya kuilaumu injini, geuza usukani, usikilize.