Fahamu: Kuisoma hati isiyosomeka huanza kwa kuinakili

Kaburi moja katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, pwani ya Kenya, limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hati ya Voynich iliyoko Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ngozi yake ni ya kati ya 1404 na 1438, na hadi leo haijasomeka. Umri wa kaburi na hati hiyo unakaribiana. Maandishi ya Gede yanasomeka kwa sababu ni ya herufi za Kiarabu tunazozijua. Hati ya Voynich, ambayo alama zake hatuzijui, yahitaji kwanza kunakiliwa alama kwa alama, kisha kuhesabiwa jinsi alama hizo zinavyofuatana. Wapo wasemao kompyuta itamaliza kazi. Sikubali: mnakili akizihesabu alama mbili kuwa moja, kompyuta hurithi kosa lake. Na kuzijua herufi pekee hakutoshi: hata katika hati kongwe za Kiswahili cha pwani hii zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, herufi ba huweza kuwa b, p au mb, na msomaji asiyeijua lugha hukwama papo hapo.