Okidi ya Chumbani: Uliza Inanukia Saa Ngapi

Wengi wetu tukinunua maua tunaangalia rangi tu. Kwenye okidi, hapo ndipo tunapopigwa. Phalaenopsis, zile zenye maua mapana zinazouzwa sana, nyingi hazina harufu kabisa. Basi wewe unayeshinda darasani mpaka jioni, tafuta Aerangis, jamii inayoota pia misituni kwetu Afrika Mashariki. Maua yake meupe hunukia usiku, kwa sababu huchavushwa na nondo, na nondo huruka gizani. Iweke karibu na dirisha, jua kali lisiipige. Mizizi inataka hewa, usiifukie kwenye udongo. Ila nunua kwa anayeotesha mwenyewe. Iliyong'olewa msituni, hata inukie vipi, iache: kila inayong'olewa ni mbegu zilizopotea.