Mutoshi: parseli moja, vitabu viwili

Hapa Mutoshi udongo mmoja uko na vitabu viwili. Cha kwanza kiko kwa biro ya Titres immobiliers, kule tunatafuta sertifika ya parseli. Cha pili kiko kwa Cadastre minier (CAMI), wanaokata inchi kwa kare, kila kare karibu hekta 85. Vitabu hivi havisomane. Familia inanunua, inajenga, inalipa kodi, na hakuna anayewaambia kama parseli iko ndani ya permi ya kampuni. Chefu naye daftari lake liko kichwani.

Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inatenga haki ya madini na haki ya udongo. Kasulo, 2014, watu walichimba mpaka ndani ya nyumba; kartasi ya parseli haikuwapa haki ya hata jiwe moja. Mwenye kuondolewa, sheria inasema alipwe. Kwa kartasi gani? Pale ndipo mabishano yanaanzia.

Ramani ya CAMI iko kwenye intaneti. Mbele ya kutoa feza, tuombe jeometa namba za GPS, tuziangalie pale. Lakini hii si kazi ya mama muuza tomati: biro mbili ziunganishe ramani zao, na sertifika ikitoka, iandikwe ndani yake permi inayofunika parseli.